Bagamoyo, Mji wa Watu Waliokombolewa



Sisi wa Ngana, mbingu ikitakata, huiona Milima ya Livingstone upande wa mashariki, juu ya ziwa. Jina hilo tumelitaja tangu utoto. Lakini je, wajua kwamba maiti ya mzee huyo ililazwa katika misioni ya Kikatoliki ya Bagamoyo? Nilipojaliwa kufika pwani, nilikwenda kujionea.

Kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo ni kama kilometa 70, kuelekea kaskazini. Zamani misafara ya bara iliishia hapo. Watumwa walifika na minyororo shingoni, wengine wamebeba pembe za ndovu, wakangoja majahazi ya kwenda Unguja. Husemwa kwamba jina la mji latoka katika maneno “bwaga moyo”.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, watu wa Ufaransa, walivuka kutoka Unguja wakaanza misioni hapo, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Pwani pana msalaba wa kukumbusha kufika kwao. Mapadre hao walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawapa uhuru, wakawafundisha dini, kusoma, kulima na kazi za mikono. Waliokua walioana wakakaa katika kijiji chao cha uhuru.

Mgeni hupita kwanza katika njia ya miembe. Kisha yuko mbuyu mkubwa sana. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa aliuzungushia mnyororo wa kumfungia punda wake, akausahau. Mti ukanenepa ukaumeza. Katika nyumba ya makumbusho imewekwa minyororo ya watumwa. Makaburini wamelala wamisionari, wengi wao waliokufa kwa homa wangali vijana.

Hapo ndipo ulipo mnara wa kanisa la zamani. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi, hata wakafika Bagamoyo Februari 1874. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, kusini ya ziwa letu hili. Milima imepewa jina la aliyebebwa, tusiwasahau waliobeba.

Kila Jumapili twamwita Bwana Yesu Mkombozi. Nilidhani naelewa neno hilo. Mbele ya minyororo ile nilikumbuka kwamba kukomboa ni kulipa. Mtoto mmoja alilipiwa akaenda shule; mwenziwe, fedha ikiwa imekwisha, alipakiwa jahazini.

Basi, mzazi, ukipata nauli, mpeleke mwanao Bagamoyo. Na usipoipata, msimulie jioni, mkiwa mmekaa mnaitazama ile milima.