Nani Mwenye Kilio? Asili ya Tanzia na Kicheko cha Masatiri

Kabla halijawa istilahi ya fasihi, neno tanzia lilikuwa, na hata sasa ni, neno la msiba: taarifa ya kifo inayosomwa redioni au kubandikwa ubaoni. Ndiyo maana wanafunzi wangu huingia katika somo la tamthilia ya Kigiriki wakiwa wamejiandaa kulia. Huwashangaza kusikia kwamba Wagiriki wenyewe waliuita utanzu huu tragodia, yaani wimbo wa mbuzi. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama mbuzi huyo alikuwa zawadi ya mshindi, kafara ya madhabahuni, au vazi la wachezaji. Kadiri ninavyolifundisha somo hili, ndivyo mbuzi anavyonipungukia uzito na swali jingine linavyochukua nafasi yake: kilio kile kilikuwa cha nani?

Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 KK, anaeleza kuwa tanzia ilichipuka kwa viongozi wa dithirambo, nyimbo za kundi zilizomtukuza Dionysus, mungu wa mvinyo. Anaongeza kuwa ilipitia hatua ya kimasatiri, yenye ngoma na mzaha, kabla ya kuupata uzito wake. Herodotus, aliyemtangulia, ana habari nyingine ambayo kwangu ina mafunzo mazito zaidi ya kisiasa. Katika mji wa Sicyon, watu walikuwa na korasi zilizoimba mateso ya shujaa wa kale, Adrastus. Mtawala wao, Cleisthenes, alikuwa amepigana vita na mji wa Argos, na Adrastus alikuwa shujaa wa Argos. Cleisthenes alitaka kumwondoa mjini shujaa huyo, lakini kauli ya mungu kutoka Delphi ilimkatalia. Basi akamnyang'anya heshima zake: kafara na sherehe akampa Melanippus, adui mkubwa wa Adrastus, korasi akampa Dionysus.

Tukio hili linastahili kutafakariwa. Katika moja ya habari za kale kabisa tulizo nazo kuhusu korasi za kitanzia, tunakuta mkono wa dola ukiamua nani aliliwe na nani asililiwe. Waombolezaji hawakunyamazishwa. Waliachiwa sauti zao, wakaondolewa marehemu wao.

Athens nayo ilifuata njia inayokaribiana na hiyo. Kwa mujibu wa mapokeo, karibu mwaka 534 KK, zama za Pisistratus aliyetwaa madaraka kwa mabavu, Thespis alijitenga na korasi akaanza kusema kama mtu mwingine, naye akawa mwigizaji wa kwanza. Baadaye Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles wa tatu. Utawala wa kimabavu ukaanguka, demokrasia ikaingia, lakini tamasha la Dionysus likabaki mikononi mwa mji: afisa wa dola ndiye aliyechagua washairi, na raia tajiri akapewa wajibu wa kugharamia korasi.

Je, demokrasia iliwaachia watu kilio chao? Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka mji wa Miletus, uliokuwa na udugu na Athens. Miaka michache kabla yake, Athens ilikuwa imepeleka merikebu 20 kuusaidia uasi wa Wagiriki wa Ionia, kisha ikajitoa. Mshairi Phrynichus akatunga tanzia juu ya kuanguka kwa Miletus. Hadhira nzima ikabubujikwa na machozi. Akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu misiba yao wenyewe, na ikapigwa marufuku tamthilia hiyo isiigizwe tena. Mimi naamini faini ile haikuyaadhibu machozi peke yake. Iliadhibu lawama iliyojificha ndani yake.

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mwaka 472 KK Aeschylus aliigeuza kanuni hiyo. Katika *Waajemi*, tamthilia ambayo korasi yake iligharamiwa na kijana Pericles, mfiwa ni adui: mandhari ni Uajemi, na wanaolia ni wazee na malkia wa taifa lililoshindwa. Athens ilimpa ushindi. Maombolezo yaliruhusiwa tena, ila yalitoka katika nyumba ya jirani.

Hapa ndipo masatiri wanapoingia. Katika tamasha hilo kila mshairi wa tanzia alileta tamthilia tatu za huzuni na ya nne ya masatiri, ambayo mapokeo yanamtaja Pratinas wa Phlius kuwa mwasisi wake. Korasi ile iliyokuwa ikiomboleza sasa ilirudi na vinyago vipya: viumbe nusu mtu, wenye masikio na mikia ya farasi, walevi, waoga, wapenda ngoma. Iliyotufikia nzima ni moja tu, *Cyclops* ya Euripides. Humo masatiri ni watumwa wa jitu lenye jicho moja. Odysseus anapowaomba wamsaidie kulipofua, ghafla huyu miguu imelemaa, yule macho yamejaa mavumbi. Hata hivyo, mwishowe wao pia wanapata uhuru.

Wako wanaokiona kicheko hiki kuwa burudani ya kuwaliwaza watazamaji kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nakiona kuwa nusu ya pili ya kumbukumbu. Tanzia ilionyesha wafalme wakianguka kwa fahari, na fahari ni rahisi kuazimwa na dola: inafaa kwa gwaride na hotuba. Satiri hana fahari ya kuazimwa. Anamsimamisha shujaa yuleyule karibu na mtumwa mwoga anayetaka kunywa na kuishi, na huyo ndiye anayefanana na wengi wetu.

Kwa hiyo, popote dola inapopanga maombolezo, ninajiuliza maswali mawili. La kwanza: ni msiba gani ambao atakayeulia atatozwa faini? La pili: baada ya hotuba kwisha, je, watu wadogo wameruhusiwa kupanda jukwaani na kucheka? Jamii iliyonyimwa yote mawili ina jukwaa, lakini bado haina tamthilia yake.