Mpini wa Shoka

Mjini Nakuru palikuwa na karani mmoja wa serikali, aliyesoma shule ya misheni akahitimu vyema. Mwandiko wake ulisifiwa ofisini, na viganja vyake vilikuwa laini, kwani hakujua kazi nyingine ila ya kalamu.

Siku moja alikwenda Molo kumwamkia baba yake, akamkuta ameketi mlangoni, na shoka li chini halina mpini. "Mwanangu," alisema mzee, "mikono yangu yatetemeka sasa. Nichongee mpini."

Karani alitahayari, maana hakuwahi kuchonga hata mwiko. Akaenda dukani akanunua mpini. Haukukaa sawa katika tundu la shoka, na siku ya pili ukapasuka. Mzee hakumlaumu. Alilichukua shoka akampa jirani alitengeneze. Kimya hicho kilimchoma kijana kuliko matusi.

Aliporudi Nakuru alimwendea mzee mmoja wa Kikamba aliyekuwa akichonga vinyago kando ya barabara, akaomba kufundishwa. Huko Ukambani sifa ya kuianzisha kazi hii hupewa Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alikuwa upande wa Tanganyika, akajifunza kwa Wazaramo, kisha akaurudisha ujuzi kwao. Basi karani alijiambia kwamba kujifunza kwa mtu wa kabila jingine si aibu.

Mzee hakumpa mti. Alimpa jiwe la kunolea. "Kisu butu ndicho kikatacho mtu," alimwambia, "kwa kuwa hutumia nguvu, nacho huteleza." Baadaye alimfundisha kushika kishoka karibu na kichwa chake, kuusimamisha mti juu ya gogo, na kupiga chini ya mkono ulioushika, wala si juu yake. Alimfundisha kuufuata mwendo wa nyuzi za mti, na kuupasua badala ya kuukata kwa msumeno, ili nyuzi zipite toka mwanzo hata mwisho. Mpini wa namna hiyo hauvunjiki upesi. Tena mti huchongwa ungali mbichi, kwa kuwa ni laini, ukaachwa kivulini ukauke polepole, ndipo umalizwe kwa kisu. Ukiingizwa mbichi katika shoka hunywea baadaye, na shoka likachomoka.

Jumamosi moja kijana alifanya haraka, akajikata kidole gumba. Makarani wenzake walimcheka: "Je, kalamu imekushinda?" Hakujibu, kwani mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Katika nchi ya Uswidi, miaka ya 1870, Otto Salomon alianzisha chuo huko Nääs, akawafundisha walimu kazi ya kisu na mbao. Nia yake haikuwa kuwafanya watoto wote maseremala, bali mkono na akili vikue pamoja.

Mipini mitatu iliharibika. Wa nne, wa mti wa munderendu, karani aliuchukua hadi Molo. Mzee aliupokea, akaufumbia jicho moja kama mwenye kulenga bunduki, akaupapasa toka ncha hata ncha. Palikuwa na kinundu kidogo. Alikigusa kwa kidole, akamtazama mwanawe, wala hakusema neno. Kijana alitoa kisu, akakiondoa. Kisha wakaingiza mpini katika shoka pamoja, wakaukaza kwa kabari.

Mzee alilipima shoka mkononi, akamrudishia. "Haya," alisema, "katema kuni. Mama yako angoja moto."

Elimu ya kitabu ni nuru, wala asiidharau mtu. Lakini siku ile kijana alitambua kuwa baba yake naye alikuwa na shule yake, na kwamba mlango wake ulikuwa karibu kufungwa.