Kichwa Kwanza, Redio Baadaye

Useremala nilifundishwa Bungoma, umeme wa magari nikaufuata Kitale, na kazi iliyosomesha wanangu ikazaliwa pale hizo mbili zilipokutana. Ninaunda visanduku vya redio vya juu, vile vinavyokaa chini ya paa la Land Rover au Land Cruiser, juu ya kioo cha mbele, vikibeba redio, spika mbili, taa ndogo na mara nyingine redio ya upepo ya kuwasiliana na kambini. Chuo kinachofundisha kazi hii sijakiona. Niliipata gari baada ya gari, na imeniingia kiasi kwamba nikipewa lifti na mtu, kabla sijafunga mkanda nimeshaangalia nafasi iliyobaki kati ya kichwa chake na paa.

Mjomba alinichukua nilipomaliza darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa na karakana Kanduyi, karibu na barabara kuu ya Malaba, na tulitengeneza vitanda, milango, makochi na majeneza. Hakuniruhusu kupima mbao kwa tepu kabla sijaiinua. "Ishike kwanza, mwana wa dada," alisema, nami nikajibu, "Ndiyo, mjomba," nikaishika. Kwa mkono nikajua kwamba mvule ni tamu kuranda na mchwa hawaitaki, ila ni nzito. Saiprasi ni nyepesi, lakini ukiipigia skrubu karibu na ukingo inapasuka. Elgon tiki, mti wa jamii ya mzeituni, unatafuna meno ya msumeno na ubao wake mmoja unatosha kuchosha mabega. Wakati ule niliona ni usumbufu wa wazee. Nilipoanza kuning'iniza mbao juu ya vichwa vya watu ndipo nilipoelewa nilichopewa.

Kitale nilikwenda kutafuta pesa zaidi. Ni mji wa mashamba makubwa. Reli ilifika pale 1926, kampuni ya Kenya Seed ikaanzia hapo 1956, na kuanzia Endebess hadi Cherangani mahindi ndiyo yanayoamua kama mwaka ni mzuri au mbaya. Land Rover katika mji huo ilikuwa chombo cha kazi. Ilibeba mbolea, ndama, waya wa uzio na wafanyakazi, ikarudi jioni ikiwa nyekundu kwa udongo. Niliingia gereji moja kumsaidia fundi wa waya, nikawa napitisha nyaya, nabadilisha fyuzi, nasafisha vichwa vya betri.

Magari yale ya zamani hayakutengewa mahali pa redio. Mafundi waliifunga kwa kipande cha bati chini ya dashibodi, na hapo ilikuwa inaumia kila siku. Goti la abiria liliigonga, matope ya viatu yaliirukia, na gari likivuka mto, maji yaliyoingia kwa mlango yalianza na redio kabla ya kitu kingine. Wateja wetu wa kwenda Turkana walirudi na redio zilizojaa mchanga hadi kaseti haizunguki. Juu ya kioo, kwa upande wake, kulikuwa na nafasi tupu, kavu, iliyo karibu na masikio. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa Endebess ndiye aliyeniuliza kama ningeweza kumwekea redio hapo, maana alitaka kusikia taarifa ya habari bila kuzima injini. Alijua mimi ni seremala.

Nilimwambia, "Mzee, keti kama unavyoketi ukiwa shambani, na kofia yako."

Nikakata katoni kwa umbo la kisanduku nilichokifikiria, nikaibandika kwa gundi ya karatasi chini ya paa, kisha nikausugua ukingo wake wa chini kwa chaki nyeupe. Tukaenda kwa barabara ya shamba yenye mifereji, yeye akiendesha, mimi kando. Tuliporudi nikaitazama kofia. Ilikuwa na mstari wa chaki upande wa kulia, juu ya sikio. Nikakata katoni vidole viwili, nikasugua chaki tena, tukarudi kwenye ile mifereji. Kofia iliporudi safi ndipo nilipogusa plaiwudi. Mpaka leo sikati ubao kabla ya chaki, na ninampima kila atakayeendesha gari hilo, si mwenye gari pekee. Redio yenyewe haina shida ya vipimo. Nyingi za kawaida huingia kwenye tundu la milimita 182 kwa 53, na fundi yeyote anaweza kulikata akiwa amefumba jicho moja. Kichwa cha mtu hakina kipimo cha kiwandani, na barabara mbovu hukiinua mahali ambapo tepu haifiki.

Uzito ndio unaofuata. Kisanduku cha plaiwudi ya milimita 9, chenye upana wa mita moja na robo hivi, pamoja na redio na spika mbili za inchi nne, kinafika kilo sita. Ukikiunda kwa mvule ya unene wa milimita 20, mbao peke yake inapita hapo, na uzito huo wote unaruka na kushuka juu ya paji la uso la mtu kwenye kila shimo. Nimewahi kuletewa visanduku vizuri mno vya mbao ngumu, vimepakwa vanishi mpaka unajiona, nikavitoa. Uzuri wa namna hiyo ni wa sebuleni. Changu kina plaiwudi, pembe zilizoviringwa kwa randa na msasa, sponji kwenye ukingo unaomtazama dereva, halafu reksini iliyovutwa vizuri na kugandishwa kwa gundi.

Kufunga kunahitaji subira, kwa sababu paa halitobolewi. Ukilitoboa, msimu wa mvua wa Kitale utalipata hilo tundu kabla yako. Kwenye Land Cruiser ninatumia matundu ya skrubu za vizuia jua na ya vishikizo vya mkono, kisha vile vizuia jua ninavihamishia chini ya kisanduku. Kwenye Land Rover ya zamani kuna mstari wa bolti unaounganisha paa na fremu ya kioo, na hapo pana nguvu ya kutosha. Lakini bodi yake ni ya aluminiamu. Ukiibana na chuma kitupu na unyevu ukaingia katikati, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo kila mkono wa chuma unapata kipande cha raba ya tyubu chini yake. Raba hiyo pia hunyamazisha kelele za mbao kusugua bati.

Nyaya zinapanda ndani ya nguzo ya kioo. Wa njano unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, si juu kwenye redio, kwa sababu fyuzi hulinda waya wote unaoifuata. Mwekundu unafuata ufunguo. Mweusi, ambao wengi huusokomeza kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, mimi ninauteremsha mpaka kwenye bodi chini au kwenye betri yenyewe, kwani paa lililofungwa kwa bolti juu ya mpira na rangi si njia ya kuaminika ya kurudisha umeme. Viungio vya nyaya za gari la barabara ya rafu sivilehemu. Ninavibana kwa koleo la kubania, maana lehemu hufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na mtikisiko huukata pembeni pake.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyonipa jina. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanzisha Operation Lifeline Sudan mwaka 1989, na Lokichoggio ikawa kituo kikuu cha misaada. Magari ya mashirika yalipita Kitale yakijaza mafuta, yakinunua mboga, yakitengenezwa. Barabara ya Lodwar iliyojengwa kwa msaada wa Norway ilikuwa inaanza kuchakaa, na baadaye ikaharibika hadi madereva waliacha lami na kupita pembeni yake. Hao ndio waliotaka visanduku viwili kwa kimoja, redio ya muziki upande huu, redio ya upepo upande ule. Hapo nilijifunza kutenganisha nyaya za hizo mbili kabisa, kila moja na njia yake na fyuzi yake, la sivyo dereva akibonyeza kuongea na kambini, spika zinanguruma.

Baadhi ya magari hayo yalikuwa ya volti 24, yenye betri mbili. Redio ni ya volti 12, na fundi mwenye haraka huchukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inawaka, mteja anafurahi, anaondoka. Baada ya muda ile betri moja inadhoofika, nyenzake inajazwa kupita kiasi, zote zinakufa, na kufa kwa betri katikati ya Kainuk na Lokichar ni jambo la hatari, hasa miaka ile ya ujambazi barabarani. Kifaa cha kushusha volti kina gharama. Ninamwonyesha mteja, ninamweleza, na asipokubali kukinunua simfungii redio.

Halafu kulikuwa na redio za Japani. Magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika kutoka huko, yalikuja na redio zinazoishia megahezi 90, na vituo vyetu vinaanzia karibu hapo na kupanda hadi 108. Dawa yake ni ekspanda, kikopo kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kama inashusha 16, kituo cha 100 unakipata kwenye 84. Kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Mama mmoja muuguzi, aliyekuwa akizunguka zahanati za Mlima Elgon, aliniambia alitaka tu kusikia Sulwe FM akiwa barabarani, asikie Kibukusu chake akiwa mbali na nyumbani. Nilimkatia spika zielekee masikio yake, si paa, wala sikumwongezea spika ya besi. Injini ya dizeli ya lita 4.2 ina besi yake yenyewe. Kinachotakiwa juu ni sauti ya mtu anayezungumza, isikike bila kupandishwa sana.

Mjomba alipofariki nilirudi Bungoma na kuichukua karakana. Kitale bado ninakwenda, hasa tangu mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 huko Turkana mwaka 2012 na magari ya kaskazini yakaongezeka tena. Vijana ninaowafundisha wanataka skrini kubwa na amplifaya juu. Skrini nyembamba ninaikubali. Amplifaya ninaiteremsha nyuma ya kiti. Ni nzito, inachemka, na sitaki iwe juu ya kichwa cha mtu.

Wiki hii tuna Land Cruiser ya pikapu. Mwenyewe ni mfupi, lakini dereva wake ni Mturkana mrefu, na chaki ilimpata mara zote tulizojaribu, hata kiti kikiwa chini kabisa. Tumeamua kisanduku kiwe chembamba upande wa kulia na kinene upande wa abiria, redio ihamie kushoto, na swichi ndogo ya sauti ishuke kwenye dashibodi karibu na mkono wa dereva. Mwenye gari alisita, akasema kitaonekana kimepinda. Nikamwita dereva aketi, nikamwonyesha ile alama nyeupe kwenye nywele zake. Akasema tuendelee. Plaiwudi imekatwa, reksini inakauka, na Alhamisi gari linakwenda Lokichar.