Mwili Nao Una Haki: Kwa Baiskeli Kutoka Tarime Hadi Mugumu

Tulipomaliza Swala ya Alfajiri mjini Tarime, baridi ya nyanda za juu ilikuwa bado imeshika vidole. Tulikuwa watatu: ndugu wawili wa makamo na mpwa wetu wa miaka 17. Mbele yetu zilikuwa takriban kilomita 87 hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ambako tulikwenda kumjulia hali mzee wetu aliyekuwa mgonjwa.

Njia ilituchukua kati ya migomba, tukapita Nyamwaga, kisha Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, ambako malori yalitulazimisha kushika ukingo wa barabara. Hapo ndipo mpwa wetu alipoanza kubaki nyuma. Kila tulipomwuliza alijibu, "Sijambo, mjomba." Tukaridhika na jibu lake, na hilo ndilo kosa letu.

Tulipovuka daraja la Mto Mara tulisimama kuswali. Hatukuteremka mtoni, kwa kuwa una mamba. Tulitawadha kwa maji ya madumu. Kwa ruhusa ya msafiri tuliyofafanuliwa na imamu wetu kabla ya kuondoka, tulikusuru na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri. Kijana alisujudu, lakini kuketi baina ya sijida mbili kulimshinda. Baada ya salamu alikiri kuwa magoti yalimuuma mbele tangu asubuhi. Aliona haya kusema mbele ya wakubwa.

Baiskeli alikuwa ameiazima, na kiti chake kilikuwa chini mno. Kiti kikiwa chini, goti hukunjika kupita kiasi kila pedali inapopanda, na uzito wote hulielemea. Kipimo ni chepesi: ukae kitini, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Tulikipandisha kwa spana, tukapumzika hadi jua lilipopungua makali.

Sisi wakubwa nasi tulikuwa na letu: viganja vilikufa ganzi kwa kuegemea usukani. Tukajifunza kulegeza viwiko, kubadili mahali pa kushika, na kuinuka kitini kila penye mashimo ili miguu ipokee mtikisiko badala ya uti wa mgongo. Suruali yenye mishono minene tuliijutia. Nguo laini isiyobana ingetuepusha na michubuko. Maji tuliyanywa kidogo kidogo, bila kungoja kiu.

Tulifika Mugumu kabla ya Magharibi. Mpwa wetu alikaa mkekani kando ya babu yake, akala naye sahani moja.

Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyejikalifisha kwa kufunga na kukesha, kwamba mwili nao una haki juu yake. Ikiwa hata katika ibada haifai kuudhulumu, seuze barabarani? Basi mzazi, kabla hujamwacha mwanao aende shule au safari kwa baiskeli, pima kiti chake. Kisha muulize hali yake mara ya pili, kwani jibu la kwanza mara nyingi ni la adabu tu.