Tulifika Mpaka wa Bugoma Kuona Miti ya Dawa

Mwezi uliopita sisi waalimu wa kujitolea tuliwapeleka watoto wa darasa la sita kuona msitu wa Bugoma. Kutoka Maratatu, kwa mwendo wa watoto, ni saa moja na kitu. Unapita mashamba ya mahindi na mihogo, halafu ghafla mbele yako ni ukuta wa miti, na baridi. Wengi wa watoto hawa walivuka Ziwa Albert mwaka 2018 wakiwa wadogo kabisa. Msitu waliusikia tu kwa wazee.

Hifadhi hii iliwekwa mwaka 1932 na ina hekta zaidi ya 41,000. Hatukuingia ndani, tulibaki mpakani.

Hapo tulikuta mkangazi, ule Wakongomani wanaita akaju na Waganda munyama. Ulikuwa umechunwa gome kuzunguka pande zote, toka magotini mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima. Majani bado ya kijani. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, si bado uko mzima?" Hapana. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashukia mizizini kwa kupitia gome la ndani. Ukizungusha panga, umekata njia. Mizizi inakaa na njaa, mti unakufa polepole hata mvua ikinyesha.

Gome la mkangazi ni chungu, watu wanalichemsha kwa homa. Hata sokwe wa Budongo, kaskazini yetu, wanalila. Watafiti waliandika hivyo mwaka 2024. Kwa hiyo hatusemi dawa za wazee ni uongo. Na aliyelichuna pengine alikuwa na mgonjwa nyumbani. Lakini mzazi atakayekuja kesho na mtoto wake atakuta kuni tu.

Mzee mmoja wa Kivu aliyetusindikiza alituambia kwao mganga alibandua kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja, akauacha mti upone. Halafu wakaja wanunuzi wa gome la muhumbahumba, lile linalopelekwa Ulaya kwa dawa ya tezi ya wanaume wazee, na watu wakaanza kuchuna kwa magunia. Tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji kibali. Mzee alicheka kidogo: "Kibali kilikuja, miti ya kwetu ilikuwa imeshaisha."

Sisi tumeanza na mubirizi, maana wenyewe unatoa majani na majani yanarudi. Hauhitaji mbegu; kijiti kimoja ardhini wakati wa mvua kinashika. Ni wa tumbo na homa, ila homa ya mtoto mpeleke kwanza apimwe malaria, majani yatangoja.

Vijiti viko nyuma ya darasa la sita. Njooni Jumamosi asubuhi, kila nyumba vitatu, na mje na jembe la kuazimana kwa sababu shule ina moja tu.