Nyangumi Hakimbizwi!

WENGI wetu tukisikia Komoro tunawaza Moroni na mabegi ya biashara. Nyie, kuna Mwali! Kwenye ramani wanaandika Moheli, kisiwa kidogo kuliko wenzake wawili, Ngazija na Nzwani. Vyote ni kazi ya volkano, na Mlima Karthala kule Ngazija bado uko hai.

Tulikwenda Agosti, familia nzima, pamoja na shemeji anayependa kushika kamera kuliko kula. Kutoka Chindini, Ngazija, tulivuka kwa boti hadi Hoani. Maza alitapika njia nzima, tuyaache hayo.

Mbele ya kijiji cha Nioumachoua kuna visiwa vidogo vidogo, miamba myeusi iliyojifunika msitu, chini mchanga mweupe. Hapo ndipo boti huzungukia. Kasa wanatoa vichwa, wanavuta pumzi, wanazama. Bara ya kisiwa, kwenye msitu wa mlimani, kuna popo wa Livingstone, ndiyo, yule yule wa Ujiji. Mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu, na duniani wapo Mwali na Nzwani tu. Mdogo wangu alisema akimwona usiku anarudi Dar kwa miguu.

Lakini sisi tulifuata nyangumi. Kati ya Julai na Oktoba wenye nundu hutoka baridi ya Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Saa nne asubuhi tukaona moshi wa maji, halafu mgongo, halafu kamgongo kadogo pembeni. Mama na mtoto!

Shemeji akasimama. "Nahodha, kanyaga! Nitakuongeza mshiko." Nahodha akazima mashine. Kimya. Shemeji akaanza kufoka kwamba kalipa hela yake, na dingi naye akaanza kununa, maana siku ya boti ilikuwa moja tu na pesa yenyewe alijinyima muda mrefu.

Mzee yule wala hakupandisha sauti. Akatueleza taratibu kuwa mama yule huku hali kitu, au hali cha maana. Ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na bado ana safari ya kurudi kusini. Ukimkimbiza unamla mafuta yale. Na mtoto hawezi kukaa chini ya maji kama mama yake, kila mara lazima apande kupumua. "Tukae," akasema.

Tukakaa. Jua linachoma, boti inayumba, shemeji kavimba. Nusu saa hivi ikapita, ndipo kale katoto kakaibuka jirani nasi, karibu kabisa, kakapuliza, tukalowa wote. Mama akapita chini ya boti, bwana we, kama barabara inayotembea! Kamera ya shemeji ilikuwa begini.

Ufukweni dingi alimwongezea nahodha noti bila kuombwa.

"Marahaba," akajibu mzee.

Mdogo wangu akashtuka: "Baba, mbona hujamwamkia?" Kumbe kwa Wakomoro, marahaba ndiyo asante.