Dar es Salaam si Kariakoo peke yake

Wengi wetu hapa Kalemie tunaijua Dar es Salaam kwa maduka yake tu. Tunavuka ziwa hadi Kigoma, tunapanda treni kilometa zaidi ya 1,200, tunanunua vitenge na sahani, tunafunga mizigo, tunarudi. Tukiulizwa tumeona nini huko, tunataja bei.

Safari yangu ya mwisho tulikwenda wamama watatu, kila mmoja na mkopo wa kikundi. Munajua namna mkopo unavyokaa mwilini: hata chai unaikunywa ukihesabu. Mkubwa wetu, nitamwita yaya tu, alikuwa amefika Dar mara saba. Ni mjane, na watoto watano wanasoma kwa jasho lake. Katika safari hizo zote saba, alikuwa hajaona bahari. "Mimi ninakuja kununua, sikuje kutembea," alituambia. "Nikila raha na pesa ya minervali, watoto nitawaangalia na macho gani?"

Neno hilo si la kucheka. Wengi wetu tunalo moyoni. Mama akitembea, watu wanasema anapoteza. Lakini mimi ninaona kinachokula pesa ni kutumia bila kupanga. Raha iliyopangwa haimnyang'anyi mtoto kitu.

Nilifanya hivi. Tulipobadilisha pesa Kigoma, nilitenga bahasha mbili. Kubwa ilikuwa ya mali, ya chakula, ya kulala na ya safari. Ndogo ilikuwa ya kutembea: shilingi 20,000, hazifiki dola 10. Sheria yake moja: bahasha ndogo haifunguliwi mpaka mali iwe imenunuliwa, imefungwa, na tiketi ya kurudi iko mkononi. Wenzangu walifanya vilevile, yaya akinung'unika.

Kariakoo ilituchukua siku mbili. Siku ya tatu tulitoka asubuhi kwa mguu, jua halijawa kali, tukashuka mpaka kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya mji. Kuiangalia hulipi kitu. Imesimama pale tangu mwaka 1927, kwa ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Na jina Kariakoo lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ile. Yaya alisimama kimya. Kwao wanasimulia kwamba babu ya baba yake alibebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililokwenda kuteka Tabora mwaka 1916. "Mara saba nimefunga mizigo Kariakoo," alisema, "kumbe jina ni la wabeba mizigo!"

Kutoka pale si mbali na bandari. Tulipumzika ndani ya kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu, kwenye baridi nzuri, kisha tukafika soko la samaki la Feri. Pale samaki wanauzwa kwa mnada, kelele kama siku ndakala zimejaa kwetu. Tulinunua samaki wa kukaangwa, tukala na chapati, wote watatu kwenye sahani moja.

Halafu kivuko cha Kigamboni. Nauli ni shilingi 200. Kwa pesa hiyo unapita juu ya bahari pamoja na magari, baiskeli na watu wanaokwenda kazini, meli kubwa ziko mbele ya macho yako. Ng'ambo, yaya alivua viatu, akachovya kidole, akalamba, akatema. "Kweli ni chumvi! Sasa watu hawa wanafulia wapi?" Tulicheka mpaka machozi. Kisha akaangalia meli moja inaingia na makontena, akasema polepole: "Basi ni hapa mali yetu inapitia."

Jioni tulihesabu. Hakuna aliyefikisha shilingi 9,000. Zilizobaki zilirudi kwenye bahasha kubwa.

Kwa wale watakaokwenda, haya pia yanasaidia. Tafuteni gesti ya feni kwenye barabara ya nyuma; ile ya barabara kubwa munalipia kelele. Kuleni kwa mama lishe pale munapoona wafanyakazi wamejaa saa sita: wali na maharage vinashibisha mpaka usiku. Kiswahili chetu kinatutambulisha mara moja. Ukiuliza "beyi" tu, wanajua umetoka Congo, na bei inapanda. Kwenye daladala, angalia kwanza wenzako wanampa konda kiasi gani. Na bodaboda, patana kabla hujapanda. Kwenye Makumbusho ya Taifa, wakikutajia bei ya mgeni, uliza kama kuna ya raia wa Afrika Mashariki, maana Congo imeingia katika Jumuiya tangu mwaka 2022. Ukiwa huko siku ya Mungu, nenda Coco Beach. Kuingia ni bure, na mihogo ya kukaanga na kachumbari haiumizi mfuko.

Yaya alirudisha mkopo wake wote kwa tarehe yake, kama kawaida. Kitindamimba wake sasa anajua kwamba kuna maji makubwa kuliko ziwa letu ambayo hayanywewi, na anajua babu zake walibeba nini. Mambo hayo hayauzwi katika duka lolote la Kariakoo.

Ninaomba kitu kimoja tukijadili katika mkutano wetu. Mama akichukua mkopo wa safari, tunaandika matumizi yake mstari kwa mstari: mali, tiketi, chakula, forodha. Tuongeze mstari mmoja wa kutembea, hata wa shilingi 5,000, uandikwe wazi mbele ya wote. Hivyo hakuna atakayejificha, na hakuna mama atakayefika Dar mara saba bila kuona bahari.